Chumba cha mtoto si sebule ya wageni

Ndugu msomaji, wapo watani wanaopenda kuwacheka watu wa Zuzu kwa sababu ya jina la mahali pao. Mitaani neno zuzu ni jina la mtu asiyejua mambo, mtu wa kupotezwa njia mchana kweupe. Nami nilikuwa mmoja wa watani hao. Siku chache zilizopita nilikwenda Zuzu, nje kidogo ya Jiji la Dodoma, mahali ambapo wengi wetu tunapajua kwa kile kituo kikubwa cha kupoza umeme tu. Nilirudi nimekubali kwamba zuzu nilikuwa mimi. Kisa chenyewe kinahusu chumba cha mtoto, na ndicho ninachotaka tuzungumze wiki hii.

Familia nyingi zilihamia Dodoma baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba safari ya makao makuu, iliyoamuliwa tangu mwaka 1973, sasa inatekelezwa kwa vitendo. Sisi pia tulikuja. Tulipata nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtoto akawa na chumba chake. Mimi nimekua tukilala watano juu ya mkeka mmoja. Kwa hiyo niliona hiki chumba ni ushindi, nikataka kila anayeingia nyumbani auone.

Nilinunua stika za ukutani zenye ngome ya theluji na dubu mweupe. Nilinunua pazia linalong'aa, na taa ya kuning'inia yenye nyota za plastiki. Kitanda nilimpa fundi mmoja wa mtaani, nikamwambia akipake rangi nyekundu ya mafuta, ile ambayo ukiitazama unaiona sura yako. Majirani walikuja wakasifu. Nikavimba kichwa.

Miezi mitatu baadaye mke wangu akaniita chumbani. Ubao wa ubavuni wa kitanda ulikuwa umeguguniwa kama ulioingiliwa na panya. Panya mwenyewe alikuwa binti yetu wa miaka miwili na nusu, na kwenye midomo yake kulikuwa na maganda ya rangi nyekundu. Nikamkimbilia fundi kumuuliza alitumia rangi gani. Akanijibu bila wasiwasi kwamba lilikuwa kopo lililobaki baada ya kupaka geti la mtu, na kopo lenyewe alikwisha kulitupa. Mpaka leo sijui ndani ya kopo lile mlikuwa na nini.

Kwa nini nilishtuka? Baadhi ya rangi za mafuta, hasa nyekundu, njano na kijani kali, hutiwa madini ya risasi ili zing'ae, zikauke haraka na zidumu. Risasi hiyo ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo unaokua: mtoto hupungukiwa uwezo wa kujifunza na wa kutulia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo aliyemeza risasi hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Ndiyo maana shirika hilo, pamoja na lile la Umoja wa Mataifa la mazingira, yanazishauri nchi ziweke kikomo cha risasi katika rangi kuwa sehemu 90 katika milioni. Ubaya wake ni kwamba mtoto haonyeshi dalili siku ile ile. Hatapiki, hataharisha. Utakuja kuona miaka inayofuata, darasani, nawe utadhani mtoto ni mvivu.

Kitanda tulikitoa siku hiyo hiyo. Wala sikukipiga msasa, na nakuomba nawe usijaribu kukwangua rangi ya zamani ndani ya nyumba, maana vumbi lake ndilo hatari zaidi. Chumba kikabaki na nafasi tupu, nami nikabaki na aibu. Ndipo jirani yetu mmoja, mzaliwa wa Zuzu, aliponiambia: "Baba, wewe unahangaika na maduka. Jumamosi twende kwa mama yangu."

Tulimkuta bibi amekaa kivulini nyumbani kwake. "Mbukwenyi!" nikasalimu, kwa Kigogo changu cha kuokoteza, naye akacheka na kuitikia. Mkononi alikuwa na kibuyu kilichopasuka, anakishona ule ufa kwa uzi mnene, tundu kwa tundu, kama mtu anayeshona nguo. Pembeni mjukuu wake, wa umri kama wa binti yangu, alikuwa akijaza mchanga katika kibuyu kidogo, anamwaga, anajaza tena.

Nilimwonyesha bibi picha ya chumba chetu katika simu. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza:

"Mwanangu, huyu mtoto ana urefu gani?"

Nikaweka mkono usawa wa kiuno changu.

"Na haya mapambo yote yako huku juu. Sasa umempambia mtoto, au umewapambia wageni?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Ngome ile ya theluji ilikuwa usawa wa macho yangu mimi. Kitu pekee kilichokuwa usawa wa mdomo wa mtoto kilikuwa kile kitanda.

Swali hilo la bibi ndilo kipimo ninachotaka ukichukue. Kabla hujatoa hata shilingi moja, ingia chumbani kwa mwanao, kaa chini sakafuni, utazame. Unachokiona ukiwa umekaa ndicho chumba anachokiishi mtoto. Yaliyobaki juu ni ya kwako na wageni wako.

Wala wazo hili si la Zuzu peke yake. Mwaka 1907 daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Jina lake tunaliona leo kwenye vibao vya shule za chekechea hapa kwetu. Alitaka viti, meza na rafu viwe vya kimo cha mtoto, ili mtoto achukue kitu mwenyewe na akirudishe mwenyewe. Katika tembe la Kigogo, ile nyumba ya udongo yenye paa la bapa, hapakuwa na chumba cha watoto. Lakini kazi nyingi za pale zilifanyika chini, juu ya ngozi au mkeka, na mtoto alikuwa hapo hapo katikati ya vyungu, vibuyu na nyungo. Alivifikia, alivishika, akavijua.

Tutafanyaje basi sisi tuliohamia katika nyumba za tofali na vigae? Haya hapa machache niliyojifunza kwa bibi yule na kwa wengine, pamoja na tahadhari zake.

La kwanza ni kibuyu. Nasema kibuyu kitokanacho na mmumunye, mmea utambaao, si buyu la ule mti wa mbuyu. Bibi alinieleza kwamba hakikatwi kingali kibichi, maana kitaoza. Huachwa shambani baada ya mvua kwisha, mpaka kikonyo chake kikauke kabisa. Kisha hutobolewa, hujazwa maji yakae mpaka nyama za ndani zilainike, hukwanguliwa, huoshwa mara kadhaa na kuanikwa kivulini. Nakshi huchorwa kwa ncha ya waya au kisu kilichopashwa moto, na weusi wake hautokani na rangi yoyote bali ni kibuyu chenyewe kilichoungua. Hakuna cha kubanduka, hakuna cha kumdhuru mtoto akilamba. Kikubwa ukikikata mdomo unaweka penseli na vitabu. Kidogo ni cha kujaza na kumwaga, na hapo ndipo hesabu inapoanzia: kingi na kichache, kizito na chepesi.

Na usidhani nakshi ile nyeusi juu ya rangi ya asali ni urembo mtupu. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho karibu, umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, na huvutwa na alama zinazoachana sana, nyeusi kwa nyeupe. Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani, Robert Fantz, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wa umri usiozidi siku 5 walitazama michoro yenye alama kwa muda mrefu zaidi kuliko vipande vya rangi tupu. Mama mwenye kibuyu chenye nakshi ubavuni alikuwa na kitabu cha picha cha mtoto mchanga bila kukiita hivyo.

La pili ni udongo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Watoto wachungaji wa nchi kavu hii wamefinyanga ng'ombe wa udongo tangu zamani, wenye nundu na pembe, na kila ng'ombe ana jina. Chukua udongo wa mfinyanzi, utoe mawe, ukande kama unga wa chapati. Mwache mtoto afinyange mwenyewe, hata kama ng'ombe wake atafanana na kiazi. Anika kivulini, maana jua la Dodoma litampasua kabla ya jioni. Usimpake rangi. Ukiweka zizi la ng'ombe hao kwenye rafu ya chini, mtoto atakuwa na pambo alilolifanya kwa mkono wake. Pambo la namna hiyo halichoki, kwani akikua linakua naye: leo ni ng'ombe mmoja, kesho ni kundi.

La tatu ni vikapu. Jirani zetu wa Iringa wanasuka vikapu vya milulu, nyasi za majimaji, vigumu na vyepesi, na ukikiinamisha kimoja mtoto anaweza kukikalia. Weka vitatu ukutani chini: kimoja cha nguo chafu, kimoja cha vitu vya kuchezea, kimoja cha vitabu. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kufundishwa kurudisha kila kitu mahali pake, mradi mahali penyewe apafikie. Kabati refu lenye kitasa juu halimfundishi chochote ila kukuita.

La nne ni kanga. Iliyochakaa usiitupe. Ioshe, uipige pasi, uitundike ukutani kama picha, chini kidogo, mahali ambapo mtoto anaweza kuyagusa maandishi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina lile limeandikwa kwa herufi kubwa zilizo wazi. Binti yangu ameijua herufi M kwa kidole chake juu ya kanga ya bibi yake, na amejua pia kwamba maneno yale yana mwenyewe na yana kisa.

La tano ni kuta. Kuna udongo mwekundu, kuna wa kijivu, kuna mweupe. Ukiuchekecha kwa kitambaa, ukauloweka, kisha ukauchanganya na uji mwepesi wa unga wa ngano uliopikwa, unapata rangi ya kupaka mstari au umbo la mbuyu ukutani. Jaribu kwanza pembeni, na kwa nyumba ya kupanga omba ruhusa ya mwenye nyumba. Ukipenda wanyama wenye rangi kali, tunazo picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianzia Dar es Salaam kwa kuchora ndege na wanyama juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari. Lakini kumbuka kwamba picha hizo huchorwa kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Hiyo ndiyo ya kutundikwa juu, mbali na meno.

La sita ni vya kuchezea vya nyumbani: gari la waya lenye magurudumu ya ndala kuukuu, mpira wa matambara, mwanasesere wa gunzi la mahindi aliyevikwa kitambaa. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaka darasa liwe na kona za kujifunzia, na walimu wengi wanazijaza kwa vitu kama hivi: vifuniko vya chupa, mbegu, maboksi. Mzazi anayeona aibu kuweka gari la waya chumbani ajue kwamba mwalimu analitafuta.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka vibaya. Kitu hakiwi salama kwa sababu tu kimetengenezwa kwa mkono. Waya uliokatwa una ncha, lazima zikunjwe ndani na kufungwa kitambaa. Kibuyu cha kutikisa chenye mbegu kikipasuka, mbegu zinaishia kooni. Kipimo rahisi ni kile kibomba cha karatasi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha: chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Shanga na kamba ndefu zisitundikwe mahali anapofikia, wala karibu na kitanda. Na mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu kiasi, bila mito na bila midoli pembeni yake. Kitanda cha mtoto mchanga hakipambwi. Pambo lake pekee ni chandarua chenye dawa, na chandarua hicho kisikatwe kufanywa pazia.

Tahadhari nyingine ni kuzidisha. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani walilinganisha watoto wa chekechea katika darasa lililojaa mapambo na darasa lenye kuta tupu. Katika lile lililojaa, watoto walipotewa na mawazo mara nyingi zaidi na wakajifunza kidogo zaidi. Kwa hiyo weka vitu vichache, vingine vifiche, ubadilishe kila baada ya wiki mbili. Kilichofichwa kikirudi huwa kipya.

Sasa nirudi Zuzu, kwani kuna jambo lililonikaa rohoni. Nilimuuliza bibi ni nani kati ya wajukuu zake anayejua kutia nakshi. Akanijibu kwamba hakuna. Maji sasa yanachotwa kwa madumu, maziwa yanawekwa katika chupa za plastiki, na kibuyu hakina kazi tena. "Kitu kisicho na kazi, nani atajifunza?" akasema, akaendelea kushona.

Hapa ndipo sisi wa mjini tunapoingia. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Nyumba zinasogea kuelekea Zuzu, na ndani ya nyumba hizo kuna vyumba vya watoto visivyokuwapo zamani. Vyumba hivyo vitajazwa na kitu. Vinaweza kujazwa na ngome za theluji, katika nchi ambayo mvua yenyewe tunaihesabu kwa vidole. Au vinaweza kuwapa vibuyu, vikapu na ng'ombe wa udongo kazi mpya, na kumpa binti wa Zuzu sababu ya kukaa karibu na bibi yake na kujifunza. Desemba mwaka 2021, hapa hapa Dodoma, ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa ajili ya watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Mambo mengi ya programu kama hiyo ni ya wataalamu. Lakini la nini kiwekwe usawa wa macho ya mtoto ni la mzazi.

Ombi langu moja kwa mnunuzi: ukifika kwa mama kama yule, usikatishe bei kama unanunua dumu. Mmumunye ulipandwa, ukasubiriwa mvua, ukasubiriwa kiangazi, ndipo kisu kikapashwa moto. Mbegu ikiwa ndani ya bei yako, mwakani utakuta kibuyu kingine. Ukimnyima, utakuta dumu.

Nilinunua vibuyu viwili. Kile kilichokuwa kinashonwa bibi alikataa kukiuza, akanipa bure, akisema mtoto ajue kwamba kitu kikipasuka kinashonwa. Stika za theluji tulizibandua. Kitanda kipya hakina rangi, ni mbao iliyopigwa msasa mpaka ikalainika, na kina alama nne za meno ambazo sasa hazinikoseshi usingizi.

Wageni wakija siku hizi wanachungulia chumbani na kusema, "Mbona bado hamjapamba?" Huwa nawaambia waingie, wakae chini. Wakikaa wanayaona yote: zizi la ng'ombe, kanga yenye herufi, kibuyu chenye ufa ulioshonwa, na mwenye chumba akiwa katikati anajaza mchanga, anamwaga, anajaza tena.

Ndugu msomaji, mkono mmoja haulei mwana. Tuonane wiki ijayo, majaliwa.